Sura ya Tano: Mshahara na Mswada

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Sisi tuliosoma Kusadikika shuleni tulifundishwa kumwita mshairi na mwanafalsafa, na ni haki yake, lakini kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 aliyemlipa mshahara ni idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kutoka hapo alihamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya mjini Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi, ambako alikaa mpaka 1960. Miaka miwili baadaye akafariki. Karibu utu uzima wake wote ulipita kwenye meza ya mwajiri, na tenzi, insha na riwaya alizotuachia aliziandika katika saa zilizobaki. Kufikirika na Utubora Mkulima vilichapwa yeye akiwa ameshazikwa.

Nayasema haya mapema kwa sababu vijana wengi wanaonitafuta kuzungumzia uandishi huanza na suala la kuacha kazi. Wanauliza waache lini. Wengine wameshaandika barua ya kuacha kazi kabla hawajaandika sura ya kwanza. Wanaamini ajira na uandishi ni mahasimu, na kwamba mwandishi halisi ni yule aliyethubutu kutoka mlangoni bila kugeuka nyuma.

Fasihi yetu haikujengwa hivyo. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa na kiko chake, alianzia kazi katika idara ya afya Zanzibar kabla hajaingia magazetini, na alihariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu mwaka 1968. Elvis Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara, tena aliwahi kuongoza Chama cha Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Kilimo Tanzania. Ken Walibora alisoma habari kwenye televisheni na kufundisha vyuo vikuu. Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987 akiwa mwalimu wa chuo kikuu kule Uingereza, akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi wa Kent hadi kustaafu, na Tuzo ya Nobel ilipomfikia mwaka 2021 alikuwa mstaafu. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyesubiri kuwa huru ndipo aandike.

Mimi niliacha. Kwa hiyo mtu anaweza kuniuliza kwa haki kabisa: mbona unatutolea mifano ya waliobaki? Sura hii ndiyo jibu langu, na nitalichukulia wakati, kwa kuwa naona watu wazuri wakiumia kwa kujibiwa haraka.

Nami nimeishi kwa forodha, ila upande wa pili wa kaunta. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa nyaraka katika ofisi ya wakala wa forodha jirani na bandari ya Dar es Salaam. Meli ikifika, makaratasi ya mzigo yanakuja mezani kwangu: ankara ya muuzaji, hati ya usafirishaji, orodha ya vilivyofungashwa. Kazi yangu ni kuandaa maelezo ya mzigo ili ukadiriwe ushuru na mteja achukue kontena lake. Ukiieleza hivyo inaonekana kazi kavu. Ninayoyajua kuhusu sentensi, nusu yake niliyapata pale.

Kwenye hati ya forodha huwezi kuandika "vitu mbalimbali". Kila kitu kinachoingia nchini kina namba yake ya tarakimu nane katika orodha ya ushuru wa pamoja ya Afrika Mashariki, na namba hiyo hutaipata mpaka ujue kitu chenyewe ni nini hasa. Tairi jipya halilingani na lililotumika. Kitambaa cha pamba tupu hakiwi sawa na cha pamba iliyochanganywa na nailoni. Viatu, unatazama soli ni ya mpira au ya ngozi, na sehemu ya juu imeshonwa kwa nini. Ukikosea jina, mzigo unakwama, siku za bure za kuhifadhi zinakwisha, na baada ya hapo kila siku ina bei yake, na mteja wa Kariakoo aliyekopa ili aagize bidhaa anakupigia simu sauti ikitetemeka. Jina lisilo sahihi linamtoa mtu pesa mfukoni. Nilikaa na ukweli huo kila siku ya kazi mpaka ukawa tabia. Leo nikisoma mswada wa kijana na kukuta "alivaa nguo nzuri", mkono unakwenda wenyewe kwenye kalamu: nguo gani? Khanga au kitenge? Imeshonwa au imefungwa? Mpya ya Idi au ile aliyonunua mnadani?

Ndiyo maana siwezi kuitukana ajira. Aliyenifundisha kuchagua neno alikuwa mkuu wa kitengo chetu, mzee mmoja aliyerudisha kila karatasi yenye maelezo legelege bila kusema neno, ameweka tu duara la wino mwekundu pale nilipolegea. Hakujua kama naandika hadithi. Alitaka mzigo utoke.

Kilichonitoa ni saa. Akili yangu ina saa zake, kama ya mtu yeyote, na kwa bahati najua ziko wapi: kuanzia adhana ya alfajiri mpaka saa nne asubuhi hivi. Ndani ya saa hizo sentensi inakuja ikiwa nzima, nasikia wahusika wanavyosema, naona mahali hadithi inapoelekea. Baada ya hapo naweza kufanya hesabu, kupika, kujaza fomu, kubishana na dereva wa bodaboda kuhusu nauli, lakini kutunga kunakuwa kusukuma. Na kwa mtu anayeishi Tabata na kufanya kazi bandarini, saa hizo ndizo zinazoliwa kwanza. Alfajiri ni maji ya kuoga watoto na chai, kisha kituoni kugombea daladala, kisha foleni, kisha mezani. Nilichokuwa napewa na siku kwa ajili ya kuandika ni saa nne usiku, macho yakiwa mazito. Niliandika hivyo kitabu kizima na sijutii, ila nilijua tofauti. Kurasa za Jumapili alfajiri zilikuwa na damu. Za katikati ya wiki nilikuwa nazifuta.

Kwa hiyo anayeniuliza aache lini, mimi namwuliza: saa zako bora ziko wapi, na nani anazinunua sasa hivi? Kuna mwalimu ambaye saa zake bora ni za jioni baada ya wanafunzi kuondoka. Huyo ana utajiri na asiuchezee. Kuna mlinzi wa usiku anayeandika zamu nzima, wenzake wakisinzia. Kuna nesi ambaye zamu zinambadilikia kila wiki na hana saa hata moja ya kuitegemea; huyo ana tatizo kubwa kuliko la yeyote mwenye mshahara mdogo. Uhuru wa mwandishi nauona hapo, kwenye kumiliki saa zile zenye nguvu. Nyingine uza, tena uza kwa bei nzuri.

Nilipofikia uamuzi nilikwenda Tanga kwa mama. Nilimkuta ukumbini na madaftari ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, yeye akiwa mweka hazina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia wataka kuacha kazi."

"Ndiyo mama. Nataka kuandika."

"Kwani kuandika kumekatazwa ukiwa na kazi?"

Nikamweleza habari ya saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Haya. Sina la kukupinga. Lakini umehesabu?"

"Kuhesabu nini, mama?"

"Kitabu kimoja kikiuzwa, shilingi ngapi zabaki mkononi mwako? Na mwezi mmoja wahitaji ngapi? Mwanachama wetu akija kukopa ya mtaji wa samaki twamwuliza hayo. Sembuse wewe mwenye elimu."

Tukahesabu siku ile ile, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la kikundi. Nitairudia hesabu hiyo hapa kwa tarakimu za mfano, maana bei ya karatasi hupanda na kushuka, ila namna ya kuhesabu haibadiliki.

Tuseme kitabu kina kurasa 160. Namba hiyo ina sababu: katika uchapaji wa mashine kubwa kurasa huchapwa kwenye karatasi pana inayokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo mmoja, kwa hiyo kurasa 160 ni mikunjo kumi kamili. Ukiwa na kurasa 163 utalipia karatasi tupu au urudi ukapunguze maneno. Tuseme kuchapa na kubandika jalada ni shilingi 5,000 kwa nakala, na umelipa shilingi 1,500,000 kwa mhariri, mchora jalada na mpangaji wa kurasa. Ukichapa nakala 500, hiyo 1,500,000 inaongeza shilingi 3,000 kwa kila kitabu. Bei ya dukani umeweka 15,000. Duka likichukua asilimia 40, limebaki na 6,000. Zilizobaki ni 9,000. Toa 5,000 za kiwandani, toa 3,000 za wasaidizi, mkononi mwako ni shilingi 1,000. Mtu aliyezoea mshahara wa shilingi 800,000 atahitaji kuuza nakala 800 kila mwezi ili abaki palepale, na alichapa 500.

Mama aliitazama hiyo shilingi 1,000 kwa muda.

"Na ukiuza mwenyewe, bila duka?"

Ukiuza mwenyewe unabaki na 7,000, na nakala 115 kwa mwezi zinafikia mshahara ule na kuzidi kidogo. Bado ni nyingi sana kwa kitabu kimoja, mwezi baada ya mwezi, ila angalau ni namba ambayo mtu anaweza kuitazama bila kukata tamaa. Tofauti ya shilingi 1,000 na 7,000 ndiyo iliyoamua maisha yangu ya baadaye yatakuwaje: ningekuwa mwandishi, na ningekuwa muuza vitabu, kwa mikono hiyo hiyo.

Kabla yangu wamekuwapo waliolijua hilo. Ben Mtobwa, aliyeandika riwaya za upelelezi zilizosomwa nchi nzima, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Dar es Salaam ya zama zile ilikuwa na waandishi kadhaa wa namna hiyo, waliotunga, wakachapisha, wakasambaza wenyewe, na wasomi wengi waliwadharau kwa kuwa vitabu vyao viliuzwa vibandani pamoja na magazeti. Mimi nawaheshimu sana. Walimfuata msomaji mahali alipo.

Msomaji wa leo yuko kwenye simu. Vijana wetu wameunda njia yao: riwaya inatolewa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, za mwanzo bure, hadithi ikishakolea unalipia zinazofuata kwa pesa ya simu. Wapo wanaolipwa hivyo kila wiki bila kuona kiwanda cha uchapaji. Udhaifu wake ni kwamba sehemu iliyokwisha kulipiwa na mmoja husambazwa kwa mia, na kitabu kizima kikigeuzwa PDF kinazunguka nchi nzima usiku mmoja. Nimewahi kutumiwa kitabu changu mwenyewe na mtu aliyenisifu kwa dhati, akidhani ananifanyia hisani. Nilimjibu kwa upole, nikamweleza hesabu ile ya mama. Alinunua nakala, na ya pili akampa dada yake. Wasomaji wetu si wezi kwa asili. Wengi hawajawahi kuambiwa kwamba nyuma ya kitabu kuna mtu anayelipa ada ya shule.

Nami sikuyaacha maduka. Nawapelekea vitabu mali kauli, yaani walipe wakishauza, na wanalipa, ila kwa miezi yao. Pesa hiyo niliamua tangu mwanzo isiwe ya kodi ya nyumba. Ya kodi ya nyumba ni ile ya vifurushi: mtu wa Songea au Bukoba ananiandikia ujumbe, analipa kwa simu, nafunga kitabu kwenye karatasi ya kaki, naandika jina na namba yake kwa kalamu nene, kinakwenda stendi ya Mbezi kupanda basi. Kesho yake napigiwa kwamba kimefika. Mkono wangu umeandika majina ya miji ya nchi hii kuliko ulivyowahi kuandika bandarini, na kila jina sasa lina sura, kwa kuwa wasomaji hawa hunirudia na maoni, na maoni yao ni makali na ya kweli.

Kuna gharama nyingi unazoweza kuzipunguza katika kazi hii. Jalada linaweza kuwa la rangi mbili. Karatasi inaweza kuwa nyepesi kidogo. Uzinduzi wenye maturubai na wageni rasmi unaweza kuuacha kabisa, na mimi nauacha. Usipunguze mhariri. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu vitabu vya waandishi huru wa Kiswahili vinakataliwa na walimu na wenye maduka kwa sababu hiyo moja kuliko zote: mwandishi alimpa rafiki asome, rafiki akasema kizuri, kikapelekwa kiwandani. Mhariri ni yule anayekuuliza kwa nini mjomba aliyekufa ukurasa wa 40 anakunywa kahawa ukurasa wa 90. Ni yule anayejua kwamba mhusika wako wa Pemba hawezi kusema kama mtu wa Mwanza. Mlipe, tena mlipe kabla hujamlipa mchora jalada. Lugha hii ina wasomaji wa mamilioni, na wana haki ya kitabu kilichosomwa vizuri kabla ya kuuzwa kwao.

Sasa nyumbani. Barua yangu ya kuacha kazi ilitoa notisi ya siku 28, kama sheria ya kazi inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Siku ya mwisho tulikunywa chai ya saa nne pamoja, nikarudisha kitambulisho, kadi ya bima ya afya ikakoma, michango ya hifadhi ya jamii ikasimama. Hayo niliyatarajia na nilikuwa nimeweka akiba. Sikutarajia kwamba mtaa mzima ungenihesabu kuwa mtu asiye na kazi.

"Wewe si upo?" Ndiyo kauli niliyokuwa nikiisikia. Fundi wa maji atakuja kwa jirani, wewe si upo, mfungulie. Mtoto wa shemeji amerudishwa shule ana homa, wewe si upo. Kikao cha harusi kinahitaji katibu, wewe si upo, na tena ni mwandishi. Waliosema hivyo walinipenda na wananipenda. Tumezoea kwamba kazi ni kitu unachokiendea, na mtu aliyeketi kwake na daftari anaonekana amepumzika. Kwa mwanamke uzito unaongezeka, maana ndani ya nyumba kila kitu kinakuita kwa jina.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza, niliwaambia watu wangu waziwazi, kuanzia mume mpaka shoga yangu wa mlango wa pili, kwamba mpaka saa nne asubuhi mimi niko kazini, na simu imezimwa. Sikutoa sababu ya kisanii. Nilisema niko kazini. Baada ya muda walizoea, na leo shoga yangu ndiye anayewazuia wageni barazani: "Subiri kidogo, dada bado hajatoka kazini." Pili, niliamua mapema nini kitavunja sharti hilo. Msiba unalivunja. Mgonjwa analivunja. Mzazi akipiga simu, yangu ikiwa imezimwa atapiga ya mume, nami nitaletewa. Mwandishi asiyekwenda misibani atakosa watu wa kumzika, na kabla ya hapo atakosa cha kuandika.

Hilo la mwisho nataka nikae nalo kidogo. Nimesoma mawaidha mengi kuhusu kujitenga ili uandike. Kwa Kiswahili, mimi sioni njia hiyo ikifika mbali. Lugha hii inaishi kwenye mazungumzo. Kule uani, wanawake wanamenya vitunguu vya pilau ya arobaini, kuna mafumbo yanarushwa ambayo aliyekusudiwa anayadaka na aliyeketi kando hana habari. Kuna bibi anayeweza kumaliza ugomvi wa miaka kwa methali ambayo kamusi haina. Hadithi husimuliwa kwa kuanzia katikati, kurudi nyuma, kukatishwa na maji yanayochemka, kisha kuendelezwa na mtu mwingine. Ufundi huo wa kusimulia nimeujifunza pale kuliko darasani. Daladala nayo ilinipa mengi wakati ule wa ajira: jinsi kondakta anavyobadilisha sauti akiongea na askari, na mzee, na binti aliyevaa sare ya shule. Saa za alfajiri ni za kuandika. Saa nyingine zote ni za kusikia, na asiyesikia atakuwa anaandika Kiswahili cha taarifa ya habari hata kwenye vinywa vya wapenzi.

Lakini kusikia kuna mipaka, nami nina sheria moja nisiyoivunja. Naweza kuchukua namna mtu anavyosema, mkato wa sentensi yake, hata jinsi anavyofunga khanga kiunoni kabla ya kujibu. Siri yake siichukui. Mama aliyeniambia habari ya ndoa yake tukiosha vyombo msibani hakuwa anazungumza na mwandishi, alikuwa anazungumza na mwenzake. Nimeacha hadithi nzuri sana kwa sababu hiyo, hadithi ambazo najua zingeuza.

Mchana nauza saa zangu. Wapo wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo wanaoagiza mizigo kutoka China, vyombo vya plastiki, taa, nguo za watoto, wasioweza kumwajiri mtu wa nyaraka wa kudumu. Naketi nao, nawasomea ankara, nawaonyesha mapema mzigo utaangukia namba gani ya ushuru, nawaambia wakala wao aulizwe nini. Wananilipa kwa kazi. Ile kazi niliyoiacha ndiyo inayolipa umeme wa meza ninayoandikia, na sioni haya hata kidogo kusema hivyo. Nilibadili mpangilio wa siku zaidi kuliko nilivyobadili kazi. Utubora wa Shaaban Robert naye alipoacha ofisi hakwenda kupumzika, alishika jembe. Nilipomsoma nikiwa mwanafunzi nilidhani ni hadithi ya kukimbia mshahara. Nilipomsoma tena nikiwa na wateja wangu wa Kariakoo nilimwona mtu anayefanya kazi kuanzia asubuhi, kwenye ardhi yake.

Na ardhi ya mwandishi ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilipotungwa ilimpa mtunzi ulinzi wa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo inazaliwa pale unapoandika; kusajili COSOTA kunakusaidia siku ya ubishi, na namba ya ISBN unayoipata Maktaba Kuu, lile jengo la Barabara ya Bibi Titi lililofunguliwa Desemba 1967, inakitambulisha kitabu chako popote duniani. Weka jambo hilo mbele yako siku unayopima mshahara na mswada. Mshahara wangu uliisha siku 28 baada ya barua ya kurasa mbili. Kitabu changu cha kwanza, kikitunzwa, kitawalipa wajukuu ambao sijawaona. Hiyo ndiyo sababu inaniuma kuona mwandishi, kwa njaa ya mwezi mmoja, akiuza haki zote za riwaya kwa malipo ya mara moja, tena kwa mkataba aliousoma kwa kusimama.

Mwaka jana mchapishaji mmoja alitaka kitabu changu cha pili. Tulielewana vizuri kuhusu bei na asilimia, kisha akaniletea karatasi yenye kipengele kinachosema anachukua haki zote, kwa lugha zote, kwa njia zote, zinazojulikana na zitakazogunduliwa. Niliisoma kama nilivyokuwa nasoma ankara bandarini, neno moja baada ya jingine. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka duara. Chini yake nikaandika ninachotoa: toleo la Kiswahili, la karatasi, kwa miaka mitano, Tanzania na Kenya, sauti, filamu na tafsiri zinabaki kwangu. Nilimwambia ana nafasi ya kukataa na hatutagombana. Alikaa nayo wiki nzima. Kisha mjumbe wake alikuja Tabata saa tano asubuhi, nimeshatoka kazini, akanipa nakala mbili ambazo bosi wake ameshazitia saini, nami nikatia yangu pale pale barazani, shoga yangu akiwa shahidi.